Kumpikia mbwa mzee nyumbani: kuanzia kipimo cha damu mpaka bakuli la jioni

Bobi alikuwa na miaka 12 alipoanza kuliacha bakuli. Anakuja, ananusa, ananiangalia usoni, alafu anageuka taratibu anarudi kulala, na chakula ni kilekile cha pakiti alichokula maisha yake yote. Siku moja nikamchemshia kuku na wali, alikula akalamba bakuli mpaka likasukumwa likagonga ukuta, nikasema basi nimepata dawa. Nikaendelea hivohivo miezi minne, kuku na wali, wali na kuku, mpaka siku daktari wa wanyama alipompapasa mgongo na mapaja akaniuliza, kalsiamu anaipata wapi huyu? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nampikia kwa moyo wote na kumbe kila siku namnyima kitu ambacho mwili wake ulikuwa unakihitaji.

Ndo maana naandika haya. Kupika kwenyewe ni rahisi kabisa, mtu yeyote anayejua kuchemsha anaweza, kazi iko kwenye kupima na kwenye vile vitu vidogo ambavyo nyama na wali haviwezi kutoa hata upike sufuria kubwa kiasi gani. Na si mimi peke yangu niliyekosea. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, kule Marekani, walitoa matokeo ya kuchambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa kutoka vitabuni na mitandaoni, 95% yakakutwa yamepungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima, na 92% maelekezo yake yalikuwa hayajakamilika mpaka msomaji abahatishe mwenyewe. Kwaiyo recipe ya kwenye simu, hata iwe na picha nzuri namna gani, usiiamini hivihivi, na hii yangu pia mpelekee daktari wako aione kabla hujaizoea.

Hatua ya 1: mpeleke akapimwe kabla hujawasha jiko

Mbwa wakubwa wa mwili wanazeeka mapema, wengi wakifika miaka 7 hivi wameshaingia uzeeni, wale wadogo wanaweza kufika 10 au 11 ndo uanze kuona dalili. Umri huo figo, ini, moyo, meno vyote vinaweza kuwa na tatizo ambalo kwa nje huoni kitu. Omba kipimo cha damu na cha mkojo, apimwe uzito, na afunguliwe mdomo aangaliwe meno vizuri, maana mbwa akiacha kula ghafla wakati mwingine ni jino linamuuma na wewe unahangaika kubadilisha mapishi bure.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu chakula kinachomfaa mbwa mzee mzima wa afya kinaweza kumuumiza mbwa mzee mgonjwa. Mwenye figo zilizochoka anatakiwa apunguziwe fosforasi, na fosforasi iko kwa wingi kwenye nyama na maini. Mwenye kongosho linalosumbua hatakiwi mafuta mengi. Mwenye moyo mbovu anaangaliwa chumvi, na mwenye kisukari anatakiwa ale kiasi kilekile saa zilezile, ukimbadilishia wanga leo kesho sukari yake inayumba na sindano ya insulini inakuwa haiendani na alichokula. Kama mbwa wako ana lolote kati ya haya, mapishi niliyoandika hapa si yake, omba daktari akupangie ya kwake au akuelekeze kwa mtaalamu wa lishe ya wanyama. Na mwambie dawa zote anazotumia.

Hatua ya 2: jua anatakiwa kula kiasi gani

Hapa watu wengi wanakadiria kwa macho na ndo mbwa ananenepa au anakonda bila mtu kujua. Kuna hesabu wanayotumia madaktari, inaonekana ngumu ila ukiwa na kikokotoo cha simu ni dakika moja. Chukua uzito wake kwa kilo, uzidishe wenyewe kwa wenyewe mara tatu, alafu bonyeza alama ya kipeuo cha pili (√) mara mbili, unachopata zidisha kwa 70. Mfano mbwa wa kilo 10: 10 x 10 x 10 ni 1000, ukibonyeza √ mara ya kwanza 31.6, mara ya pili 5.62, mara 70 unapata kama kalori 394. Hizo ni za mwili kupumua na kukaa tu. Mbwa mzee anayetembea kidogo ndani ya nyumba zidisha hiyo kwa 1.2, anayetoka matembezi kila siku zidisha kwa 1.4.

Kwaiyo mbwa wa kilo 5 anaangukia kalori 280 mpaka 330 kwa siku, wa kilo 10 ni 470 mpaka 550, wa kilo 20 ni 795 mpaka 925, wa kilo 30 ni kama 1,075 mpaka 1,255. Hapo ni pa kuanzia tu, mizani ndo itakwambia uongeze au upunguze. Kama amenenepa kupita kiasi tumia uzito anaotakiwa kuwa nao, usitumie ule alionao, na daktari atakwambia ni upi. Na vitafunwa vyote vya katikati ya siku visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori hizo, kile kipande cha nyama unachomtupia mezani kinahesabika pia.

Hatua ya 3: chagua vitu vya kupika

Anza na nyama, na hapa naomba tuelewane vizuri. Kuna imani ya zamani kwamba mbwa akizeeka apunguziwe protini ili figo zipumzike. Kwa mbwa asiye na ugonjwa wa figo hiyo imani inamuumiza, kwa sababu uzee unakula misuli, pitisha mkono juu ya mapaja ya nyuma na pembeni ya uti wa mgongo utaona palivyobonyea, na mwili wa mzee unahitaji protini nzuri zaidi ili misuli ile ibaki. Kuku bila ngozi, bata mzinga, ng'ombe asiye na mafuta mengi, mayai, samaki, vyote vinafaa. Mimi napenda mapaja ya kuku yaliyotolewa mifupa na ngozi, yana unyevu na hayawi makavu kama kidari, mbwa mwenye meno machache anayatafuna bila shida.

Maini ni kidogo tu, kama gramu 15 kwa siku kwa mbwa wa kilo 10. Yanampa vitamini A na shaba na chuma, lakini vitamini A ikizidi kwa muda mrefu inakaa mwilini inaharibu mifupa, kwaiyo usimgeuzie maini kuwa mlo mkuu eti kwa sababu anayapenda. Wanga: wali, kiazi kitamu, viazi vilivyoiva vizuri, oti. Wali uive mpaka uwe laini kabisa, ule wa punje punje unapita tumboni haujasagwa. Mboga: boga, karoti, boga hasa ni zuri kwa wazee maana choo chao mara nyingi kinakuwa kigumu. Samaki sardini wa kopo waliohifadhiwa kwenye maji bila chumvi unaweza kumpa mara moja kwa wiki badala ya sehemu ya kuku, mafuta yao yana omega 3 ambayo inasaidia viungo vyenye uvimbe. Mafuta ya samaki ya vidonge yapo pia, ila dozi muulize daktari kwa sababu ikizidi anaharisha.

Sasa vitu ambavyo havitakiwi kugusa sufuria: kitunguu maji, kitunguu saumu, majani ya vitunguu, vyote vinavunja seli nyekundu za damu, na kuvipika hakuondoi sumu, kwaiyo mchuzi wa nyumbani uliokaangiwa vitunguu usimmwagie juu ya wali hata kama umebaki mwingi. Zabibu mbichi na kavu zinaweza kuua figo. Chokoleti, makadamia, pombe, unga uliokandwa na hamira haujaiva, kungumanga, hivyo navyo hapana. Kuna sukari mbadala inaitwa zailitoli, kwenye lebo utaona imeandikwa xylitol, iko kwenye bazoka nyingi zisizo na sukari na kwenye siagi za karanga baadhi, kiasi kidogo tu kinashusha sukari ya mbwa ghafla na kinaweza kuua ini. Mifupa iliyopikwa usimpe kabisa, inapasuka kwa vipande vyenye ncha. Akila kimoja katika hivi piga simu kwa daktari hapohapo, usisubiri dalili.

Hatua ya 4: unga wa maganda ya mayai

Hii ndo hatua niliyoikosa miezi minne, kwaiyo nitakaa hapa kidogo. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mwili wa mbwa unataka kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi au izidi kidogo. Ikikosekana kwenye bakuli mwili haukai kimya, unaichukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Porini mbwa mwitu anatafuna mifupa ya mnyama mzima, mbwa wako mzee mwenye meno manne yaliyobaki hawezi na asijaribu, ndo tunatumia maganda.

Kusanya maganda ya mayai, yaoshe, chemsha dakika 10, yaanike au yaweke kwenye oveni moto mdogo mpaka yakauke kabisa, yavunjike ukiyabonyeza. Kisha saga kwenye mashine ya kusagia kahawa au kwenye kinu mpaka yawe laini kama unga wa ngano. Chukua kidogo sugua katikati ya vidole viwili, ukisikia mchanga mchanga rudisha usage tena. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko.

Gramu 1 ya unga huu ina kama miligramu 380 za kalsiamu. Mbwa wa kilo 10 anayekula kalori 500 anahitaji miligramu 630 hivi kwa siku, yaani unga kama gramu 1.7. Mizani ya jikoni haiwezi kupima gramu 1.7 kwa uhakika, na kijiko nacho kinadanganya kutegemea umesaga laini kiasi gani, kwaiyo mimi napima gramu 12 kwa mara moja nachanganya kwenye sufuria nzima ya wiki, hapo hesabu inakaa sawa. Ganda la yai moja kubwa ni kama gramu 5 au 6, kwaiyo mayai mawili au matatu kwa wiki yanatosha. Usizidishe ukidhani unamfanyia wema, kalsiamu ikiwa nyingi anafunga choo, kinatoka kigumu cheupe kama chaki, na inazuia zinki isiingie mwilini.

Hatua ya 5: saplimenti

Hata ukifanya yote hayo, bado chakula kitapungukiwa zinki, iodini, vitamini D, vitamini E na manganizi. Hakuna namna rahisi ya kuvipata vyote kwa kuku na boga, tukubali tu. Kuna unga maalumu unaotengenezwa kwa ajili ya kukamilisha chakula cha mbwa kinachopikwa nyumbani, daktari atakwambia upi unaendana na mapishi yako, mpelekee karatasi yenye gramu za kila kitu ili asibahatishe. Uliza swali moja muhimu sana: je, una kalsiamu ndani? Kama unayo, basi maganda ya mayai acha, usiweke vyote viwili. Vidonge vya multivitamini vya binadamu usimpe, vitamini D yake inaweza kuwa nyingi mno kwa mwili mdogo na vingine vina hiyo zailitoli.

Hatua ya 6: kupika kwenyewe

Vipimo vya wiki moja, mbwa wa kilo 10, kama kalori 500 kwa siku:

Mapaja ya kuku bila mfupa na ngozi, kilo 1.4 yakiwa mabichi
Maini gramu 105 mabichi
Mchele gramu 250
Boga lililomenywa gramu 420
Karoti gramu 280
Unga wa maganda ya mayai gramu 12 (kama saplimenti haina kalsiamu)
Mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chai kwa siku, haya yanaongezwa wakati wa kula

Weka kuku kwenye sufuria, maji yamfunike tu, hakuna chumvi hakuna kiungo chochote, chemsha moto wa wastani mpaka aive kabisa katikati, kama una kipimajoto ifike nyuzi 74. Maini tia dakika 10 za mwisho, yakiiva sana yanakuwa kama mpira. Toa nyama, na ile supu usimwage, iache ipoe mpaka mafuta yagande juu, yaengue, supu iliyobaki ndo pikia wali wako na maji ya ziada ukipenda. Boga na karoti chemsha au pika kwa mvuke mpaka viponde kwa uma. Nyama katakata vipande vidogo, kwa mbwa asiye na meno pitisha kwenye blenda na supu kidogo.

Changanya vyote kwenye beseni kubwa wakati vimepoa, alafu nyunyiza unga wa maganda kidogo kidogo huku ukigeuza, usiumwage sehemu moja maana siku moja atakula kalsiamu yote na siku nyingine hakuna. Saplimenti mimi natia kwenye bakuli wakati wa kula, vitamini nyingine hazipendi moto. Mwisho pima mchanganyiko wote, gawa kwa 7, utapata kitu kama gramu 365 kwa siku, zaidi kidogo kama wali umenyonya supu nyingi. Hakuna shida, unachogawa ni sufuria nzima.

Usikiache mezani zaidi ya masaa mawili. Cha siku 3 weka friji, kilichobaki gawa kwenye vikopo vya siku moja moja weka friza, na kila jioni shusha kikopo cha kesho kwenye friji kiyeyuke chenyewe. Andika tarehe kwenye kifuniko.

Mbwa wako ana kilo 20? Usizidishe mara mbili moja kwa moja, rudi kwenye kalori za hatua ya 2 uone, maana mbwa wa kilo 20 hahitaji mara mbili ya yule wa kilo 10, ni kama mara 1.7 hivi.

Hatua ya 7: mbadilishie polepole

Siku 2 au 3 za kwanza robo chakula kipya na robo tatu kile cha zamani, alafu nusu kwa nusu, alafu robo tatu, mpaka siku ya 7 au ya 10 ndo bakuli lote liwe jipya. Najua inauma kumpa kidogo wakati anakuangalia vile, lakini tumbo la mzee halipendi mshangao, akiharisha rudi hatua moja nyuma ukae hapo siku mbili. Akiharisha na kutapika pamoja, au akikataa kula siku nzima, huo si wakati wa kujaribu tena, mpeleke.

Hatua ya 8: kumwekea bakuli

Pua ya mbwa inachoka na umri kama macho na masikio, na mbwa asiposikia harufu hali. Chakula kikitoka friji ni baridi na hakinuki kitu. Kipashe kidogo tu mpaka kiwe na uvuguvugu kama joto la mwili wake, yaani nyuzi 38 hivi, ukitumia maikrowevu koroga vizuri alafu chomeka kidole katikati, kuna sehemu zinabaki za moto mpaka zinaunguza ulimi. Bobi nilikuwa nikimpashia tu naona pua inaanza kucheza akiwa bado amelala, masikio yanasimama, alafu ndo anaanza kunyanyuka miguu ya mbele kwanza.

Gawa mlo mara 2 au 3 kwa siku, saa zilezile. Weka kitambaa au kipande cha raba chini ya bakuli lisiteleze, mbwa mwenye viungo vibovu anachoka kulifukuza bakuli sakafuni na wengine wanaacha kula kwa sababu ya hilo tu, na pale anaposimama wakati anakula weka kitu kisichoteleza pia. Maji safi yawe karibu na anapolala. Kama hanywi vizuri, ongeza maji ya uvuguvugu juu ya chakula vijiko vitatu vinne.

Hatua ya 9: mpime kila wiki

Siku moja kila wiki, kabla hajala asubuhi, mpime. Kama ni wa kubebeka panda naye kwenye mizani alafu toa uzito wako. Andika. Akipungua au kuongezeka wiki mbili mfululizo bila wewe kukusudia, ongeza au punguza chakula kwa sehemu moja ya kumi, na saplimenti muulize daktari kama nayo ibadilike. Uzito peke yake hautoshi lakini, kwa sababu mbwa mzee anaweza kuongeza mafuta huku anapoteza misuli na mizani ikasoma palepale. Mpapase: mbavu uzisikie kirahisi bila kubonyeza, kama unavyosikia mifupa ya nyuma ya kiganja chako, na mapaja yasiwe yanazidi kubonyea. Choo kiwe na umbo na unyevu. Manyoya yakianza kukauka au kunyonyoka, ngozi ikitoa magamba, mara nyingi kuna kirutubisho hakifiki, rudi kwenye ile karatasi ya gramu pamoja na daktari.

Akianza kunywa maji mengi kuliko kawaida na kukojoa sana, au akikonda huku anakula vizuri, usisubiri siku ya kliniki. Vinginevyo rudia kipimo cha damu na mkojo kila miezi 6, na kila mara nenda na karatasi ya mapishi unayotumia sasa hivi, ile ya mwanzo pengine ulishaibadilisha mara tatu bila kukumbuka.